Ngozi ya Kalamu ya Mpera

Kalamu ya kwanza niliyomtengenezea dada yangu ilibabuka kabla mwezi haujaisha. Alikuja nayo kutoka Makobola juu ya pikipiki, ameifunga ndani ya leso kama mtu aliyebeba yai. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko kwa miaka mingi, na kwenye barabara nzima ya Fizi watu walimwita Madamu, hata wazee wenye mvi ambao hakuwahi kuwafundisha.

“Ona,” akasema, akanifungulia kiganja. Vidole vyake vitatu vilikuwa na madoa ya rangi ya asali. “Weye ulisema unanipatia kalamu. Kumbe ni bonboni ya kulamba.”

Nilicheka, lakini niliona aibu. Nilikuwa nimeipaka verni, vanishi ileile ninayopaka miguu ya vitanda, na kwa macho ilikuwa imependeza. Sikufikiria mikono yake. Dada yangu alitoka jasho viganjani tangu utoto, kama mama yetu. Akishika chaki, ililowa. Akisahihisha madaftari, aliweka kitambaa chini ya mkono ili wino usitapakae. Mguu wa kitanda haushikwi na mtu saa sita kwa siku. Kalamu inabanwa, inatafunwa, inasuguliwa na pete, inatiwa mfukoni pamoja na funguo. Vanishi yangu ilikuwa imelainika kwa jasho lake, ikaanza kutoka vipandevipande na kubaki kwenye kurasa za watoto.

“Nitakufanyia ingine,” nikamwambia.

“Ufanye yenye itakaa.”

Neno hilo nikalishika. Nililishika kupita kiasi, na hilo ndilo ninalotaka kusimulia.

Mimi ni mkereza mbao. Karakana yangu iko Uvira, karibu na mto Mulongwe, chumba kimoja chenye mashine moja: inazungusha kipande cha mti kwa kasi, nami nakichonga kwa patasi kikiwa kinazunguka. Mota yake ilitoka kwenye kinu cha mihogo kilichokufa. Kwa miaka mingi nilikereza miguu ya vitanda na ya meza, na mipini. Kalamu zilikuja kwa bahati. Mfanyabiashara mmoja wa mjini, mtu wa zile familia za Kiislamu ambazo babu zao waliletwa hapa na biashara ya ziwani, aliniletea kalamu ya marehemu baba yake. Mwili wake wa mti ulikuwa umepasuka. Nikamkerezea mwili mpya, naye akafurahi hata safari yake iliyofuata ya Bujumbura akaniletea mfuko mzima wa vyuma vya ndani, vibomba vya shaba, springi na ncha. Tangu hapo nikawa fundi wa kalamu pia.

Wanaonijua walishangaa, maana mimi mwenyewe naandika kwa taabu. Niliacha shule mapema. Herufi nilifundishwa na huyo dada yangu, aliyenizidi miaka kumi na mmoja, jikoni kwa mama, kwa kipande cha mkaa juu ya sakafu.

Kalamu ya pili alitaka iwe ya mpera wetu. Wazazi walituachia kiwanja Kilomoni, karibu na ufuko wa ziwa. Ziwa lilipopanda lilianza kwa kuingia chooni, kisha jikoni, kisha likakaa. Kuta za matofali mabichi zikayeyuka. Mpera uliokuwa uani ulisimama majini miaka miwili, ukadondosha majani yote, ukafa umesimama.

Tulikwenda kuukata sisi wawili, asubuhi moja ya kiangazi. Dada alijifunga kikwembe juu ya magoti, akaingia majini akiwa na kamba. Jirani mmoja alitupigia kelele kutoka barabarani: “Muangalie kiboko! Jana alipita hapo!” Dada hakugeuka. Alikuwa anakanyaga polepole, anatafuta kwa miguu.

“Hapa iko mulango,” akasema. Akasogea hatua chache. “Na hapa ni chumba cha mama.”

Alisimama pale kwa muda, maji yakimfika mapajani. Mimi nilikata. Msumeno ulipofika katikati niliona kwamba kiini cha mti kilikuwa kizima: chenye wekundu wa mbali, kigumu, nyuzi zake nyembamba na zimebanana. Tuliuvuta kwa kamba hadi nchi kavu, kipande baada ya kipande. Dada hakulia. Alikaa juu ya gogo, akakamua kikwembe, akaniuliza kama kalamu moja tu itatosha au nitaweza kutoa na ya mtoto wake.

Mti uliolala majini hauharakishwi. Nilipasua vipande vidogo nikavifukia kwenye gunia la pumba za mpunga kutoka Luberizi, ili vikauke taratibu bila kupasuka. Baada ya miezi mitatu nikadhani vimekauka. Nikakereza kimoja.

Safari hii sikutumia verni. Nilikuwa nimejaribu nta ya nyuki, ikakaa siku nne. Nilijaribu mafuta, yakanuka na kuvuta vumbi. Kisha nikajaribu kole, ile gundi kali ya vichupa vidogo ambayo mafundi viatu hubandikia soli, na ambayo ukizembea vidole vyako vinashikana. Ukiipaka huku mti unazunguka, kwa kipande cha karatasi laini, tone moja tu na mkono mwepesi, inageuka ngozi ngumu kama kioo. Tabaka moja ni jembamba kuliko ganda la kitunguu. Unangoja likauke, unapaka lingine. Halafu unapitisha msasa laini wenye maji, halafu ulio laini zaidi, na mwisho dawa ya meno kwa kitambaa cha pamba, mpaka uone dirisha la karakana limejichora ndani ya mti.

Kalamu ile ilipendeza kwa wiki mbili. Kisha ukungu mweupe ukaingia chini ya ngozi, kama jicho la mtu mwenye mtoto wa jicho, na ufa mwembamba ukatokea ubavuni. Maji ya ziwa yalikuwa bado ndani ya mti. Nilikuwa nimeyafungia, nayo yakatafuta njia. Vipande vilivyobaki nikaviacha guniani, nikajiambia kwamba safari hii nitangoja mwaka mzima. Dada alipouliza, nilimjibu “bado.” Alipouliza tena, nilimjibu hivyohivyo, na sikuona ubaya. Nilikuwa namfanyia kitu cha kukaa.

Mwaka uliofuata, mwezi wa sita, alikuja karakana. Nilimwona amepungua uso, tena alikaa kwenye kigoda kabla sijamkaribisha, jambo ambalo halikuwa desturi yake. Alisema ni joto. Kwenye mashine ilikuwemo kalamu yake. Mti ulikuwa mkavu sasa. Nilikuwa nimeukereza mnene kidogo pale vidole vinaposhika, na nilishapaka matabaka manane ya kole. Nilitaka yawe kumi na mawili.

“Ni hii?” akauliza.

“Ndiyo hii. Lakini haiyaisha.”

Nilimtolea aione. Akaigeuza kwenye mwanga wa mlango, akaiweka kati ya vidole kama anaandika hewani. “Iko muzuri,” akasema. “Mudogo wangu, iko muzuri sana. Basi miye naenda nayo. Wiki ijayo naandika bilteni za watoto.”

Bilteni ni karatasi za matokeo ambazo kila mtoto hupeleka nyumbani mwisho wa mwaka. Nilimwambia aniachie siku chache.

“Mwaka huu ni wa mwisho,” akasema. “Nimeomba kupumuzika. Nataka bilteni za mwisho niziandike na mupera wa mama.”

“Dada, inabakia matabaka mane tu. Nikikupatia sasa, jasho itaikula, utanirudishia tena.”

“Ikiharibika, iharibike ku mukono yangu. Nipatie hivi hivi.”

“Hapana. Kalamu yenye haiyaisha haitoke hapa.”

Nilisema hivyo kwa fahari. Nilikuwa nimezoea kuwaambia wateja maneno hayo, na wateja waliyapenda; walikwenda kuyasimulia sokoni. Dada yangu aliniangalia kidogo. Kisha akairudisha kalamu mezani, taratibu, akaiweka sawasawa na ukingo wa meza kama alivyokuwa anapanga chaki darasani.

“Basi sawa, fundi,” akasema.

Hakuwa ameniita fundi hata siku moja.

Kazi iliyobaki ilikuwa ya mchana mmoja. Nasema ukweli, mchana mmoja tu. Lakini kesho yake yule mfanyabiashara aliniagiza kalamu za kugawia wageni kwenye harusi ya binti yake, na harusi haingojei. Nikaiweka kalamu ya dada kwenye rafu juu ya dirisha, na matabaka yake manane. Niliiona kila nilipoinua macho. Nilijiambia wiki ijayo, na wiki ijayo ilipofika nilijiambia vilevile. Bilteni aliziandika kwa biki ya buluu ya dukani. Siku ya kutangaza matokeo, ambapo wazazi wote hujaa uwanjani na mwalimu anayestaafu hupigiwa makofi, sikwenda Makobola. Nilimpigia simu.

“Imeenda muzuri,” akasema. “Walinipatia mbuzi.”

Tukacheka kuhusu mbuzi. Sikuitaja kalamu, naye hakuitaja.

Mwishoni mwa mwezi wa saba alipiga simu shemeji, mume wa dada, mvuvi ambaye simu yenyewe huishika kama kitu kinachouma. “Madamu ameanguka,” akasema. “Mukono haishike, na mudomo imeenda pembeni.”

Walimleta hospitalini Uvira ndani ya gari lililokuwa linapeleka mihogo. Presha, tukaambiwa, imepasua mshipa kichwani, na upande wote wa kulia umelala. Kumbe presha ile alikuwa nayo tangu mwaka uliotangulia. Shemeji aliijua. Mimi niliambiwa ni joto, nami nikaamini, maana nilikuwa naangalia kalamu wakati anasema.

Nilipotoka kumwona mara ya kwanza, nilikwenda moja kwa moja karakana. Umeme ulikuwepo siku nzima, kana kwamba haukuwahi kukatika Uvira. Nilipaka matabaka yale manne, nikapitisha msasa, nikang’arisha, nikatia vyuma vya ndani. Hakukuwa na ukungu, wala ufa. Nyuzi za mpera zilionekana chini ya ngozi kana kwamba ziko ndani ya maji safi. Katika kazi zangu zote sijatengeneza kalamu iliyoifikia ile, na nilijua hivyo hata nilipokuwa naifuta. Sikupata furaha yoyote.

Kesho yake nilimkuta ameegemezwa kwenye mto karibu na dirisha la wodi. Binti yake, aliyekuwa na miaka kama ishirini, alikuwa anampepea kwa kipande cha katoni. Ulimi wa dada ulikuwa mzito, lakini ukisikiliza vizuri maneno yake yalieleweka. Aliniuliza habari za mke wangu. Nikajibu. Kisha nikatoa kalamu, nikaiweka kwenye kiganja chake cha kulia. Sijui nilikuwa nafikiria nini. Labda nilifikiri kiganja kitaikumbuka.

Vidole havikufunga. Kalamu ilibingirika juu ya shuka, ikaanguka sakafuni, ikaenda chini ya kitanda cha mgonjwa mwingine. Nilipiga magoti, nikaitafuta katikati ya ndala na ndoo za watu. Niliipata haina hata mkwaruzo.

Nilipoinuka, dada alikuwa ananiangalia. Binti yake akasogeza daftari upande wa kushoto. “Mama, jaribu na ule mukono mwingine,” akasema. Nikaitia kalamu kwenye mkono wa kushoto, nikaufunika mkono ule kwa wangu ili nimwongoze. Akauvuta. Upande ule bado ulikuwa na nguvu. Akaisukuma kalamu hadi kwenye ukingo wa kitanda.

“Acha,” akasema.

“Dada, tujaribu kidogo tu.”

“Acha. Beba.”

Niliibeba. Nilikaa nje kwenye ukuta mfupi, pale ambapo jamaa za wagonjwa hupika, mpaka moshi ukaniondoa.

Siku zilizofuata nilikwenda kila asubuhi. Aliniruhusu nimlishe uji. Aliniruhusu nimwoshe miguu. Siku moja aliniuliza kama mlango wa karakana bado unagoma kufunga, nikamwambia bado unagoma, akatabasamu kwa ule upande wa uso uliobaki. Kwa hiyo siwezi kusema kwamba alinifukuza. Lakini kalamu ilikuwa mfukoni mwangu siku zote hizo, nilikuwa naihisi kifuani kila nilipoinama na kijiko, na hakuna aliyeitaja. Nilikuwa nangoja siku nzuri ya kumwomba msamaha. Wiki ya pili, asubuhi, binti yake alipokwenda kuchota maji, mshipa mwingine ukapasuka. Aliporudi na ndoo, alikuta mama yake amekata roho.

Tulimzika Makobola. Ilikuwa likizo, lakini watoto walikuja wamevaa sare za shule, mashati meupe na sketi na suruali za buluu, wakasimama kwa mistari bila kuambiwa. Kilioni, mama mmoja alikuja kukaa karibu yangu, akatoa bilteni ya mwanawe kwenye mfuko wa plastiki. Alitaka tu nione jinsi Madamu alivyomsifu mtoto. Nikaisoma polepole, kama ninavyosoma kila kitu. Juu kabisa herufi zilikuwa za dada niliyemjua, zimenyooka kama safu ya matofali. Chini, mahali pa maneno ya mwalimu, zilikuwa zimeanza kuinama na kuteremka kutoka kwenye mstari. Mkono wake ulikuwa umeanza kumwacha tangu mwezi wa sita. Alikuwa anajua, nadhani. Kalamu yoyote, hata ya dhahabu, isingebadilisha lolote katika damu yake, hilo nalijua. Lakini maneno yale yangeandikwa kwa mpera.

Binti yake aliniona nimeishika ile karatasi muda mrefu. Akachuchumaa mbele yangu.

“Mujomba,” akasema, “mama hakukukasirikia weye. Alikasirikia mukono.”

Nilimshukuru. Ni mtoto mwenye huruma, na inawezekana anasema kweli. Inawezekana pia kwamba aliitunga sentensi ile njiani, akitoka jikoni, kwa sababu aliniona jinsi nilivyokuwa. Sijamuuliza, na sitamuuliza.

Nilitaka kumpa yeye kalamu. Akatikisa kichwa, akasema hataweza kuandika nayo. Shemeji akanyoosha mkono, akaichukua, akaitia kwenye mfuko wa shati. Anaandikia matangazo ya kanisa. Anakwenda nayo ziwani pia, ingawa nilimkataza. Inalowa, inapata magamba ya samaki, inalala chini ya nyavu. Haijatoka ngozi hata kidogo. Kila nikifika Makobola ananionyesha. “Kazi yako iko nguvu,” ananiambia, naye anasema kwa nia njema, nami nageuza macho.

Siku hizi sishikilii kalamu ya mtu. Mteja akija kabla sijamaliza, akasema anaitaka leo, nampa leo. Namweleza tu kwamba imebaki kazi kidogo, arudi akipata nafasi. Wengi hawarudi. Bila shaka kuna kalamu zangu zinazobabuka mifukoni mwa watu hadi Kiringye. Fundi mwenzangu wa jirani aliniambia kwamba naharibu jina langu, na anasema kweli. Sikumweleza.

Mara ya mwisho nilipokwenda Makobola nilimkuta shemeji anashona wavu mbele ya nyumba. Alisema wino umekwisha. Nikafungua kalamu, nikamtilia mrija mpya niliokuwa nao. Akajaribu kuandika nyuma ya kalenda, akaridhika, akaitia mfukoni. Tukakaa. Akashika tena wavu, akacheka peke yake.

“Unajua alikuwa anasema nini juu yako?” akaniuliza.

Nikamwambia sijui.

“Alikuwa anasema, mudogo wangu akikuambia wiki ijayo, weye hesabu mwezi. Akikuambia mwezi, ulale tu.”

Alisema kwa sauti yake, sauti ya dada, mpaka ile namna yake ya kuvuta neno la mwisho. Nikacheka nikashindwa kuacha, naye akacheka, kisha akainamia wavu, na kwa muda mrefu hakuona alipokuwa anapitisha sindano. Jua lilipopanda alinifungia ndagala, wale dagaa wa ziwani, kwenye karatasi kwa ajili ya mke wangu, akanisindikiza hadi barabarani, tukasimama hapo kungoja pikipiki.